Sifa Zake Asiye na Waya

Mogogosiek tunajua kusifu. Tunasifu ng'ombe wa maziwa, tunasifu bonasi ya chai ikija nono, na msimu wa kura tunasifu hata wasiostahili. Lakini sijasikia mtu akiisifu kazi ya kupitisha nyimbo na video hewani, kutoka kwenye laptopu hadi kwenye simu. Basi niruhusiwe mimi.

Nianze na ukoo, maana anayesifiwa huulizwa kwanza ni wa nani. Bluetooth ni wa kifalme. Ilipewa jina la utani la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyeziweka Denmark na Norwe chini ya mkono mmoja. Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa kampuni ya Intel, litumike kwa muda tu hadi lipatikane la maana. Halikupatikana. Mfalme aliunganisha nchi mbili. Jina lake leo linashindwa kuunganisha simu na laptopu zinazolala meza moja, na hakuna aliyeivua Bluetooth taji. Ni kiongozi gani wetu aliyevumiliwa hivyo?

Bidii yake nayo haina mfano. Mawimbi ya Bluetooth ya kawaida huruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, yakikwepa Wai-Fai na kila kelele nyingine iliyoko kwenye masafa hayohayo. Hata mchuma chai mwenye mikono myepesi kuliko wote katika eneo letu la Konoin hajafika hapo. Kwamba baada ya kurukaruka kote huko wimbo mmoja bado uko njiani, hilo ni swali la wenye haraka.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni kukusanya watu. Koito, sherehe yetu ya posa, imekwisha, wageni wameshiba, na kijana aliyepiga video ameileta kwenye laptopu yake. Kila mtu anaitaka kwenye simu. Video ina gigabaiti 1. Kwa kasi ya megabiti 2 hivi kwa sekunde, ambayo Bluetooth huifikia siku yake njema, hiyo ni zaidi ya saa nzima kwa simu moja. Na mawimbi yake hayaendi mbali, kama mita 10 hivi, kwa hiyo mwenye simu haondoki. Vijana ambao baraza la chifu haliwapati kwa dakika kumi wanakaa kitako, mvua ya alasiri ikipiga mabati.

"Imefika wapi?" anauliza mjomba.

"Asilimia 43, mjomba."

Chai inamiminwa tena. Habari za ukoo zinasimuliwa mpaka zile za kunong'onezana. Halafu stima inapotea, betri ya laptopu, ambayo ni mzee mstaafu, inakata roho, na kazi inaanza upya kutoka sifuri. Msinung'unike: mmepewa saa nyingine ya kukaa pamoja.

Wanaojiona wa kisasa hukimbilia Wai-Fai. Nayo naisifu, kwa adabu yake. Laptopu ya Windows ikiambiwa kwamba mtandao huu ni wa umma, hujificha isionekane na kifaa kingine chochote, hata simu ya mwenye nyumba aliyeinunua. Rauta nyingine zimepangwa zisiruhusu wageni wake kusemezana: simu ina intaneti, kompyuta ina intaneti, zote kwa rauta moja, lakini kila moja inaapa kwamba iko peke yake duniani. Hapo huitwa kijana wa saiba, huzima, huwasha tena, hupokea pesa yake ya soda. Tusiseme teknolojia haileti ajira kijijini.

Kazi hii ya hewani pia hufundisha kutoshikilia mali. Kuna programu zinazofananisha simu na kompyuta kwa kila kitu: ukifuta albamu kwenye kompyuta ili upate nafasi, jioni hiyohiyo inafutika simuni, bila kelele. Watawa husali miaka mingi kuutafuta moyo wa namna hiyo.

Wapinzani wangu nawajua. Ni watu wa memori kadi, wanaojaziwa nyimbo dukani, wanalipa, wanaichomeka kwenye redio ndogo na kushuka nayo shambani kuchuma. Wameokoa saa nzima, ila hawajui binti wa nani anaolewa mwezi ujao.

Ukiwa na haraka kweli, ndugu msomaji, waya wa kuchajia simu unatosha: uchomeke kwenye kompyuta, uiambie simu ihamishe faili, na ile video ya koito itavuka kwa kama nusu dakika. Uangalie tu waya wenyewe, kwa sababu nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili za umeme na hazina zile mbili za data.