Tairi la Porini, Safari ya Posta

Mxiuuu! Acheni nisonye kwanza, maana habari hii ukiianza bila kusonya haielezeki. Hivi jamani, ni nani aliyewaroga wanaume wa mji huu na matairi? Mtu ana Prado yake safi, imeshuka bandarini na matairi yanayoeleweka. Asubuhi inatoka Tabata kwenda Posta, inashinda chini ya mti, jioni inarudi Tabata. Lami mwanzo mwisho, ukiacha kile kipande cha vumbi cha kuingilia mtaani, ambacho hata bajaji inapita na abiria wanne na gunia la mkaa. Siku moja mwenye gari anaamka, anashika kiuno, anaizunguka mara mbili, anasema: "Hii imekaa kinyonge." Wiki haijaisha, Prado imerudi na M/T. Makashata ya kuingiza kidole kizima, mapana mpaka yametokeza nje ya madigadi. Na kwa kuwa yakikata kona yanakwangua, fundi kaleta grenda, kakata plastiki ya Mjapani wa watu. Kakata! Gari la mkopo!

Sasa siku hizi hatuhitaji saa hapa kijiweni. Akiwa bado Relini tunamsikia anakuja, uuuuuuuu, muuza kahawa anaanza kumwekea kikombe. Ndani ya gari mkewe anaongea na simu kwa kupiga kelele, watoto wamezoea kuita. Na bwana mwenyewe anashuka, anayapiga teke la mahaba, anasema, "Haya ndiyo matairi. Haya nitakufa nayo." Ah! Labda afe mapema, maana kwa lami hii ya Dar saa nane mchana, hayo hayamfikishi mbali.

Tuelewane, M/T si tairi baya. Limezaliwa kwa ajili ya tope. Yale mapengo makubwa baina ya kashata na kashata yamewekwa ili tope liingie na kurushwa nje, tairi libaki na meno. Ulete kwenye lami, uzito wote wa gari unakalia vile vibonge vichache, vinatafunwa upesi, tena mara nyingi kwa kupishana, kimoja juu kimoja chini, na kelele inazidi. Mvua ya masika ikishuka barabara ya Mandela, breki unazikanyaga Buguruni gari linasimama linapotaka lenyewe. Anayeishi mjini na kwenda shamba mara mojamoja ana tairi lake, nalo ni A/T, la njia zote. Kashata zimekaribiana, kingo za pembeni zimekomaa, lami linaiweza na changarawe linaiweza. Si jambo la jana, Wamarekani wa BFGoodrich walitoa la kwao la jina hilo tangu mwaka 1976. Kwa hiyo mtu asije akatuambia kwamba amegundua kitu kwenye simu usiku.

Lakini hata hilo A/T, mkanunulie wapi na kwa macho gani? Nendeni Gerezani mkaone vituko. Mnunuzi anafika na milioni zake mfukoni, na cha kwanza anachokagua, Mungu anisamehe, ni vinyweleo. Vile vindevu vya mpira vinavyobaki pale ulipotokea upepo wakati tairi linapikwa kwenye kalibu. Anavipapasa, anatabasamu, anamgeukia rafikiye: "Jipya hili, lina manyoya." Loo! Tairi linaweza kukaa stoo miaka saba, joto linalila taratibu, mpira unakakamaa, na vinyweleo vyake viko palepale. Likipakwa dawa ya kung'arisha asubuhi, saa nne linang'aa kuliko viatu vya bwana harusi.

Umri wa tairi umeandikwa, jamani. Ubavuni, baada ya herufi DOT na msururu wake, tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 0817, basi ni wiki ya 8 ya mwaka 2017, haihitaji mganga. Shida ni kwamba mara nyingi tarehe kamili huwa upande mmoja tu wa tairi. Na sisi tunavyopenda maandishi meupe yatazame nje, yasomwe na wapita njia! Basi maandishi meupe nje, tarehe huenda ikaangukia ndani kwenye giza la chasisi. Juzi nimemwona mtu mzima, kavaa suti, kalala chali juu ya boksi chini ya Hilux anamulika kwa tochi ya simu, huku fundi anamwambia, "Bosi, mimi naweza kukudanganya?" Bosi kimya. Kumbe keshaiona tarehe, anatafuta nguvu za kutoka.

Halafu kuna wauzaji wenye vipaji vyao. Kijana mmoja alimshika jirani yetu mkono, akamwonyesha alama ubavuni: mlima wa vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. "Unaona hapa mzee wangu? Kibo, Mawenzi, Shira. Hili limetengenezwa maalumu kwa barabara za Kilimanjaro." Mtume! Na jirani ni Mchaga wa Marangu, machozi yakamlenga, akalipa bila kuomba hata elfu kumi ya punguzo. Ile alama, ndugu zangu, maana yake tairi limejaribiwa kwenye theluji, la kuwafaa watu wa Kanada na Norwe wakati wa baridi. Halimdhuru mtu hapa, si ugonjwa. Ila kulilipia zaidi ili ulitembeze Mbagala mwezi wa kwanza, hapo nakuachia wewe na roho yako.

Wengine wamesoma zaidi, hao ndio wabishi kuliko wote. Wanakuja na neno "treadwear" na namba 600 iliyochapwa ubavuni, wanakuambia hili litadumu mara mbili ya lile la 300. Namba hizo ni za utaratibu wa Marekani, tairi la kupimia likihesabiwa 100, na anayeitangaza ni mtengenezaji mwenyewe baada ya vipimo vyake. Kila mwanafunzi kajisahihishia mtihani, kisha wewe unalinganisha maksi za shule mbili! Angalau ndani ya kampuni moja zinakupa picha. Tena matairi mengi magumu yenye herufi LT, yale ya kubebea mizigo, hayadaiwi namba hiyo kabisa. Kwa hiyo mtu anayetaka la kudumu anaweza kuliruka lililo gumu zaidi kwa kuwa halina maksi. Kazi ipo.

Mimi ningewatuma wote Arusha, wakakae siku moja na madereva wa utalii. Sizungumzii wa mjini, nasema wale wanaopandisha Ngorongoro na kushuka kuelekea Naabi, barabara ya rasta inayolegeza mpaka meno ya dhahabu. Land Cruiser imebeba wageni saba, mabegi, mafuta na maji. Tazama chini imevaa nini: wengi wao 7.50R16, tairi jembamba, refu, plai kumi, halina maandishi meupe wala mbwembwe. Ukimuuliza mbona jembamba hivi, braza, anakujibu huku anafunga nati: "Pana linaelea juu ya tope, hili linashuka mpaka linapokuta udongo mgumu." Kwisha. Hana muda na wewe. Yeye anachohofia ni jiwe linalochana ubavu, kwa hiyo anaanza na ubavu kabla ya sura. Wa mjini anaanza na sura, ubavu atakutana nao Ndutu, kwenye giza, wanyama wanapita.

Na hizo plai nazo zisitupumbaze. "Plai kumi" siku hizi ni daraja la nguvu, si kwamba ukilipasua utahesabu tabaka kumi. Tairi la namna hiyo ni zito, linakula mafuta, na kwenye gari tupu linarusha kiuno. Kwa anayebeba tofali na mahindi, sawa. Kwa anayebeba laptopu na chupa ya chai? Afadhali angetazama namba ndogo iliyo baada ya saizi. Imeandikwa 265/65R17 112S: upana milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 17, na hiyo 112 inasema kila tairi linabeba kilo 1,120, S ikiwa mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Nani anaisoma? Hakuna. Tunasoma bei, halafu tunasoma nyuso za majirani.

Kuna huyu wa kwetu aliyeona 265/65 ni ya wanyonge, akapanda mpaka 285/70 kwenye rimu ileile. Gari limeinuka, mama mkwe sasa anapandia stuli. Ila spidomita haikuambiwa. Tairi hilo ni refu kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo kila linapozunguka mara moja gari linasogea zaidi ya linavyokiri. Na yeye, mtoto wa mjini, kwenye vijiji vya 50 ana mazoea ya kujiongezea vitatu vinne vya juu. Alikwenda Moshi kwenye harusi ya mdogo wake. Tochi ya kwanza, elfu thelathini. Tochi ya pili, elfu thelathini. Kwa wa tatu alishuka kabisa, "Afande, tazama mwenyewe, saa yangu inasema ngapi!" Afande akaitazama saa, akayatazama matairi, akacheka, akaandika.

Tukija kwenye upepo, hapo ndipo ninapotaka kulia kweli. Mtu kanunua tairi bora kuliko yote, la kumpeleka miaka. Kibandiko cha upepo kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kimeandikwa na waliolitengeneza gari, Prado mara nyingi huwa karibu na 30. LT linataka zaidi kidogo ya hapo kubeba uzito uleule, haya. Lakini nani anafungua mlango asome? Anasimama kwa fundi pancha, fundi anapiga teke, anasikiliza, anasema "limepungua," anajaza mpaka kompresa inalalamika. Geji? "Ilivunjika mwaka juzi, shemeji, lakini mguu wangu haukosei." Basi tairi limevimba linakanyagia katikati, kashata za katikati zinaisha pembeni zikiwa mbichi. Mwingine anatembea na upepo wa chini tangu siku aliyopunguza kwenye mchanga wa Kigamboni, kasahau kurudisha, mabega ya tairi yanaungua na kulika. Wote wawili wanakutana kijiweni kulaani: "Matairi ya siku hizi feki!" Zamani bwana, General Tyre ya Arusha! Ndiyo, tulikuwa na kiwanda chetu na tunakikumbuka kwa uchungu, lakini hata tairi la Arusha lilitaka upepo.

Kuyazungusha, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila kilomita elfu nane au kumi? Wanakuona mchawi. Alaimenti? "Gari halivuti upande, ya nini?" Mpaka siku kashata za mbele zimelika upande wa ndani na waya unachungulia, ndipo anaulizia yule mtu wa kuchonga. Mnamjua: anapasha kisu moto, anachimba mifereji mipya kwenye kipara. Kuna matairi ya malori yaliyoachiwa unene kwa ajili hiyo na yameandikwa ubavuni kwamba yanachongeka. La kwako la Hilux halikuandikwa. Anachokuchongea pale ni njia ya kukutana na mawe. Kibanda cha pancha chochote kina njiti ya kibiriti. Ichomeke kwenye mfereji, uweke alama kwa kucha, uitoe uitazame. Ikiwa imezama chini ya milimita 1.6, yaani tairi limelingana na vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mfereji, umekwisha, hata kama ubavu una picha ya simba.

Picha ya simba huwa kwenye kava la spea. Hapo mlangoni nyuma, simba anaunguruma, au kifaru, au "Mungu ni Mwema," na aliyelifungua kava hilo tangu gari literemke melini hajulikani. Matairi manne mapya, la tano la Japani, kimo tofauti, upepo wa miaka hiyo. Ulifunge kwenye gari la 4WD la kudumu, difu ya katikati ihangaike kusuluhisha tairi refu na fupi mpaka ichoke. Wenye akili hununua matano na kulizungusha la tano na wenzake. Wanahesabika.

Bosi mmoja wa Kimara alipasukiwa karibu na Mombo, jua la saa saba, familia nzima garini. Akashuka kwa kujiamini, akamfungua simba. Tairi zuri, A/T kabisa, jipya, upepo umejaa. Akainua gari kwa jeki, akatoa lililopasuka, akalipandisha la akiba. Halikai. Akasukuma, halikai. Mkewe akainama, akahesabu kwa kidole: gari lina bolti sita, rimu ina matundu matano. Rimu ya RAV4. Bosi akakaa juu ya jeki, akapiga simu.

"Shemeji, ile spea uliyoazima Pasaka…"

"Kwani si nililirudisha? Tena niliwarudishia jipya!"