Blanketi la Kichenpati

Kwetu Tanga ukimkuta mtu amejifunika blanketi, unamwuliza homa imemwanza lini. Basi nilipohamishiwa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi nilikuwa naijua kwa kusikia tu, na mbwa vilevile. Nilifundishwa vyote viwili mwezi mmoja, Juni, pale mwalimu aliyenipisha nyumba aliponiachia funguo, jogoo mmoja, na mbwa aitwaye Kamanda.

Kamanda alikuwa akilala barazani, kwenye saruji tupu. Alfajiri nikitoka namkuta amejikunja duara, pua ameificha chini ya mkia, anatetemeka mpaka ndoo aliyoiegemea inalia. Huruma ikanishika. Nikanunua mabanzi, nikamjengea kibanda, tena kikubwa, maana mimi jambo la nusunusu silipendi. Mke wangu akauliza kama tunatafuta mpangaji.

Likabaki swali la matandiko.

Nilianza na godoro kuukuu la sponji. Kamanda alilinusa, akalizunguka mara tatu, akajilaza. Nikaenda kulala najiona mtu wa maana sana. Asubuhi ua mzima ulikuwa umetapakaa vipande vya sponji, vingine vimenasa kwenye michongoma ya jirani, na wanafunzi wanaopita wananisalimu kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, leo mmechinja kuku wangapi?" Mhusika mwenyewe alikuwa barazani, kwenye saruji yake, na kipande cha njano kimening'inia mdomoni.

Nikahamia kwenye maranda. Njombe mbao si tatizo. Nikaenda wanakopasua magogo, nikamwambia kijana anijazie gunia, naye akanijazia unga wa mbao. Mimi nilijuaje? Maranda hutoka kwenye randa ya seremala, yamejikunja kama maganda ya kitunguu. Unga hutoka kwenye msumeno, na makazi yake ya kudumu ni puani. Usiku kucha Kamanda alipiga chafya. Kulipokucha akatoka mweupe kichwa hadi mkia, akaniangalia, akajikung'uta mbele ya suruali yangu ya kazini.

La tatu ndilo la aibu. Mke wangu alisafiri siku mbili kwenda Makambako. Kabatini mlikuwa na blanketi zito la maua, alilozawadiwa kwenye kichenpati yake, ambalo halijawahi kumfunika binadamu kwa sababu ni zuri mno. Nikajiambia, usiku mmoja tu, nani atajua.

Usiku huo kulikuwa na manyunyu. Kamanda hakukaa kivivu: kila likibweka jibwa la mtaa wa pili, anatoka kukagua ua, anarudi na tope na maji yote ya kwenye nyasi, anajifutia kwenye maua. Blanketi likayanywa yote. Asubuhi nililiinua kwa mikono miwili kama ninayembeba mlevi, nikaweka kiganja katikati, pale alipolala mbwa. Palikuwa baridi kuliko saruji. Nikalianika upesi, lakini jua la Juni huku huchungulia tu na kurudi ndani. Mke wangu aliporudi lilikuwa bado linadondoka.

Ya jioni ile tuyaache.

Aliyeniokoa ni mzee wa jirani, Mbena aliyekulia na mbwa. "Kamwene, mwalimu," akasema, akachungulia kibandani. "Umemjengea mbwa ukumbi? Joto lake litaujaza lini?" Akanieleza kwamba mwili wa mbwa una joto la nyuzi 38 hadi 39, kutushinda sisi. Jiko analo, kinachotakiwa ni chumba kidogo cha kulihifadhi, na tandiko lisilonywa maji. Akakata kibanda katikati kwa ubao, akainua sakafu juu ya matofali, akageuza mlango usielekee upepo. Kisha akaleta gunia la mabua makavu ya ngano.

Nikamwambia, mzee, si ungechukua tu nyasi za ng'ombe? Akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyezidisha pale pa kugawanya. Nyasi hulainika, hunywa unyevu na kuota ukungu, mbwa akabaki kujikuna. Bua la ngano ni mrija: ndani lina hewa, nje maji yanateleza. "Na uyabadilishe mara kwa mara," akasema, "maana mayai ya viroboto hudondokea humo humo anapolala."

Kamanda aliingia, akachimba, akajifukia mpaka zikabaki pua na sikio moja. Hajarudi barazani hadi leo.

Gunia la mabua nilipewa bure. Bei ya blanketi bado tunajadiliana, na kwa sasa ninalala na lile la maua, lililofuliwa mara nne, peke yangu, sebuleni.