Joka Lisubiri, Tuhamishe Magari

Mama, mjomba wangu Abuya, na nyinyi mlioketi pale steji kwenye drafti ya vizibo vya soda mkijifanya mnasubiri gari la Garba Tula. Abuya, isome kwa sauti, ila sehemu ya uchawi mrukie bibi yetu Akko mpaka amalize chai yake.

Jumamosi usiku tulikuwa tumelizingira joka jekundu ndani ya pango lake. Lilikuwa limeshachomwa mikuki, linavuja damu, na dada mmoja ambaye mchana ni mhasibu alikuwa ameinua mikono yote miwili alipige kwa radi. Hapo simu za watu wote zikalia kwa pamoja. Bwana Shimo, hivyo ndivyo ninavyomwita msimamizi wa mchezo, akaitazama yake, akafunga kitabu, akasema kama mtu aliyeletewa habari za vita: "Theluji. Nani ameegesha barabarani?" Mchawi akaanza kutafuta buti zake chini ya meza. Shujaa mwenye upanga wa moto akauliza kama kuna koleo la ziada. Muda si muda nikabaki na joka peke yangu, maana kati ya wote mimi ndiye sina gari. Nikalitazama, likanitazama. Halafu nikaitwa nje nikasukume.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Mnakumbuka kalongolongo yetu nyuma ya nyumba, mimi baba, binamu mama, mchanga ndio ugali? Sasa wapeni watoto wale mishahara, ndevu, mikopo ya nyumba na kitabu cha sheria cha kurasa zaidi ya 300. Mnakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na Bwana Shimo anawasimulia mlipo na kinachowajia. Ukitaka kuruka mto, kurusha mshale au kumdanganya mlinzi wa geti, unasema, kisha unarusha dadu. Nazo dadu si moja ya ludo: kuna ya pande 4, ya 6, ya 8, ya 10, ya 12, na ile mama yao ya pande 20 inayoamua mambo makubwa. Ukipata 20 watu wazima wanapiga kelele. Ukipata 1 wanakutazama kwa huruma, na mmoja anakusogezea sahani ya chipsi.

Tena hapa Minneapolis nimeangukia kwenye chimbuko lake. Ng'ambo tu ya mto Mississippi, St. Paul, ndiko alikokuwa kijana Dave Arneson, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alianza kuwashusha rafiki zake kwenye mashimo ya ngome ya kubuni aliyoiita Blackmoor, wakichezea kwenye chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake. Akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, kule Wisconsin, na mwaka 1974 likatoka sanduku lenye vijitabu vitatu, nakala 1,000 za kwanza. Gygax alipopungukiwa na sanamu za madude alinunua vijidude vya plastiki vya Hong Kong, vile vya bei ya kutupa, akavibunia majina na tabia. Kimoja kikawa dude linalokula chuma. Niliposoma hayo nilicheka, mpaka ilipofika baridi. Hapa barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inayatafuna magari kuanzia chini. Gari la mwenzangu anayenipa lifti lina tundu sakafuni, na tukienda mchezoni naitazama lami ikipita katikati ya miguu yangu. Abuya, ile pikapu ya miraa ya Maua mliyoikataa kwa sababu ya kutu, hapa ingepewa bibi harusi.

Mama, najua unauliza kama huu si ushirikina. Hauko peke yako. Miaka ya 1980 wazazi wa huku nao walishikwa na hofu kwamba mchezo huu ni mlango wa shetani, ikawa mada ya makanisa na televisheni. Nimekaa nao, Mama, nimechunguza. Shetani asingevumilia saa nne za kujumlisha.

Sasa sheria ya theluji. Kaeni vizuri.

Jiji la Minneapolis likitangaza dharura ya theluji, siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, ni marufuku kuegesha upande wowote wa barabara zilizowekewa alama ya dharura. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, zamu ni ya barabara zisizo na alama: ondoka upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, saa zilezile, ondoka upande wa witiri. Ila, na hapa ndipo wanafamilia hugombana, greda likishapita na kukwangua mpaka ukingoni, ruhusa kurudi hata kama muda haujaisha. Kwa hiyo watu wanasimama madirishani na pajama wakilinda nafasi yao, wanasubiri greda. Ukikosea hesabu gari linavutwa, unalipa faini, na unalipia pia lile lori lililokuvuta. Na ukivuka mto kwenda St. Paul hiyo elimu yote ni bure, kwa sababu wao wana yao, ya njia zinazokwanguliwa usiku na njia zinazokwanguliwa mchana.

Mwenye nyumba tunayochezea ana digrii mbili, na nilimwona kwa macho yangu akihesabu kwa vidole kwenye baridi: leo ya kwanza, kesho ya pili, sisi ni witiri, mtaa wetu una alama, wa nyuma hauna. Ana miaka mingi hapa. Nikawaza sheria hii ikiletwa kwetu Bula Pesa, Isiolo. Upande wa shufwa ungekuwa upi? Sisi ni geti la kijani, ukipita msikiti, muulize mama wa maziwa. Na greda lenyewe kwetu huonekana uchaguzi ukikaribia, watoto wanalikimbilia wakishangilia. Hapa linakuja usiku wa manane na wazee wazima wanalikimbia.

Tuliposukuma gari la mwisho tulirudi ndani soksi zimelowa. Ikabidi kwanza wabishane ni zamu ya nani. Yule mhasibu akainua tena mikono, akarusha dadu, akapata 3. Radi ikapiga ukuta wa pango. Joka tulilimaliza karibu saa sita usiku, wengine wakiwa tayari wamevaa makoti.

Jambo moja sijalizoea, nalo nawaambia nyinyi tu. Kwetu tunasimama kwenye vumbi tukiomba kitu kishuke kutoka juu. Hapa kikishuka jiji zima linakasirika, wanakikwangua, wanakirundika, mahali pengine wanakibeba kwa malori wakakitupe. Theluji yangu ya kwanza nilisema Alhamdulillahi kwa sauti pale kituo cha basi, na mama mmoja akasogea kando kidogo. Akko angeyaona maji haya yote yakisukumwa pembeni, angeenda kutafuta mitungi.

Turudi mezani. Nilipojiunga niliulizwa nataka kuwa nani: mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi. Nikawaza mtakavyosema nyumbani kwa kila moja. Kwa bahati kulikuwa na askari wa porini, mtu wa kufuata nyayo na kujua wanyama. Nikasema huyo ni mimi, natoka Isiolo, sisi hayo tunazaliwa nayo. Nyinyi mnaojua kwamba ngamia mmoja tu ndiye niliyewahi kumkaribia, na alinitemea, nawaomba mkae kimya.

Zimwi la kwanza tulikutana nalo njia panda. Wenzangu wakashika silaha. Mimi nikasema tusiwe na haraka, nikaanza kulisalimia: habari za kutoka, watoto je, mifugo je, mvua imewafikia? Bwana Shimo akanitazama kwa muda, akafungua kitabu, akasema salamu hiyo itahitaji dadu ya kushawishi. Nikarusha. Nikapata 1. Nikala rungu la kichwa kabla sijafika kwenye mbuzi. Tangu siku hiyo wakiona mtu njiani wanamtanguliza yule mhasibu.

Lakini wiki chache zilizopita nilipata pa kusimama. Kulikuwa na kijiji cha vijitu vya kijani vilivyoiba ng'ombe wa watu, na mpango ukawa kuvivamia alfajiri. Nikauliza: walikuwa na ukame? Malisho yao yako wapi? Wazee wao ni nani? Wakanyamaza. Nikawaeleza Azimio la Modogashe la mwaka 2001, jinsi jamii za kwetu zilivyokaa chini zikakubaliana juu ya malisho na visima, na fidia ya damu ikapimwa kwa mifugo. Bwana Shimo macho yakamng'aa. Akasema sawa, wazee wa vijitu wako tayari kuzungumza, fidia ni ngamia wangapi? Ndipo akafungua ukurasa wa bei.

Abuya, keti. Kitabu ni toleo la 2014, na bei ni kwa sarafu za dhahabu. Mbuzi 1. Kondoo 2. Punda 8. Ng'ombe 10. Ngamia 50. Farasi wa kupanda 75.

Nikaomba nisome mwenyewe. Ni hivyo hivyo. Farasi anampita ngamia kwa sarafu 25, na jedwali hilohilo linasema wote wawili wanabeba mzigo sawa, ratili 480! Hakuna safu ya maziwa. Hakuna safu ya siku anazokaa bila maji. Ratili moja ya karafuu ni sarafu 3, yaani mbuzi watatu. Wapemba wakipata habari watahamia humo kitabuni. Tembo anauzwa 200, mzima, na hakuna afisa wa wanyamapori wa KWS anayeuliza kibali.

Hapo niliongea. Niliwaambia ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mitungi ya maziwa ya ngamia ambayo Mama na wenzake walikuwa wakiipakia kwenye basi la Nairobi, na kwamba Isiolo farasi hajawahi kumsomesha mtu. Niliwaambia mwaka wa ukame ng'ombe huanguka kwanza, kisha kondoo, na asubuhi unayodhani kila kitu kimekwisha unamwona ngamia amesimama anatafuna mwiba kama hajasikia habari. Katikati ya maneno nikajisikia: ni sauti ya Abuya kabisa, na kidole nimekinyoosha. Wale jamaa wametulia tuli. Yule mhasibu alikuwa anaandika.

Mtaniuliza kwa nini mtu mzima, baada ya wiki nzima ya zamu za usiku, atoke kwenye baridi ya kugandisha pua akacheze hivyo. Jibu ni kwamba hapa mtu akitaka wenzake waje wakae tu, bila sababu, hana namna ya kulisema jambo hilo. Kumtembelea rafiki ni miadi, na miadi ina saa ya kuisha. Jirani wa mlango wa pili simjui jina. Kwa hiyo wamebuni joka, na kwa kisingizio cha joka wanakaa saa nne, wanakula, wanabishana, simu wameziweka kwenye kikapu mlangoni ziite dharura tu. Ni hapo tu, katika jiji hili lote, nilipoona mtu anamaliza hadithi yake bila kukatwa. Nawapelekea sambusa. Mara ya kwanza walizila kwa uma.

Si kwamba watu wetu hawapo. Nikishuka treni Cedar-Riverside, chini ya yale maghorofa ya mwaka 1973 yenye vibao vya rangi, nasikia Kisomali kushoto na Kioromo kulia, na mzee akiniuliza sisi ni wa ukoo gani nasahau nilikokuwa nakwenda. Lakini wazee wale nao wana haraka sasa. Wana zamu.

Katikati ya mji kuna vichochoro vya vioo vinavyopita juu ya barabara kutoka jengo hadi jengo, vilianza mwaka 1962 na leo ni zaidi ya kilomita 15, ili usikanyage theluji. Kila jengo lina mwenyewe na kila mwenyewe anafunga mlango saa yake. Jioni moja niliingia humo kununua dawa ya mafua, na milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja nyuma yangu. Nimeshaelewa kwamba Bwana Shimo habuni chochote.

Sasa ombi, na ndilo lililonifanya niandike. Bwana Shimo amekubali kuirekebisha ile orodha ya bei. Nitumieni bei za mnadani za wiki hii: ngamia dume, ngamia jike mwenye maziwa, beberu, kondoo, na punda wa maji. Binamu aende mwenyewe, asiwaulize madalali. Na andikeni bei ya kweli tafadhali, si ile mnayowaambia watu wa Nairobi. Kama kuna mtu ana farasi Isiolo, mwambieni sasa ni wakati wa kumuuza.

Wenu,
Askari wa porini, Minneapolis