DP wa Damu, UPC wa Ukoo

Msyuu! Hapa stegi ya boda Jinja, Uganda, kuna mzee anajiita DP wa damu, na jirani yake ni UPC wa ukoo. Jamani, damu ipi? Enzi za uhuru sawa: DP watu waliitania Dini ya Papa kwa Wakatoliki wake, UPC ya Obote ikawavuta Waprotestanti. Mtu akikutajia chama, umeshajua Jumapili anasali wapi. Leo? Kiongozi wa DP, Norbert Mao, Julai 2022 aliingia baraza la mawaziri la chama tawala, NRM, na kupewa Sheria na Katiba. Na NRM hao hao, si ndio waliotuhubiria kwamba vyama vinatugawa, mpaka kura ya maoni ya 2005? Sasa ndio chama kikubwa kuliko vyote. Aka!

Halafu kuna wa federo, wanaotaka shirikisho lirudi. Katiba ya 1962 iliitaja Busoga yetu kwenye shirikisho, na Mbale, waliyokuwa wakiigombania Wagisu na watu wa Bukedi, ikaandikwa peke yake kama eneo. Obote akaisimamisha Katiba hiyo 1966, na 1967 falme zikafutwa, kiti cha Kyabazinga, mkuu wetu wa Busoga, kikaenda nazo. Sasa muulize bwana federo: Mbale utaiweka wapi? Atakuomba kiberiti.

Tukija kwenye ukomo wa urais, Wamarekani nao wana vituko vyao, lakini George Washington aliondoka madarakani 1797 baada ya mihula miwili, na hakuna sheria iliyomfukuza. Wenzake waliifuata desturi hiyo mpaka Roosevelt akaivuka, ndipo 1951 wakaitia kwenye Katiba. Sisi tuliandika ukomo wa mihula mapema, 1995, tukaufuta 2005 kabla haujamtoa hata mtu mmoja! Desemba 2017 wabunge wakaondoa na ukomo wa miaka 75 kwa rais. Mahakama ya Katiba ikaisikiliza kesi hiyo pale pale Mbale, 2018: majaji wanne wakasema ukomo wa umri uondolewe tu, Kenneth Kakuru peke yake akakataa. Wabunge waliojiongezea miaka miwili ya kukalia viti, hao ndio waliogongwa.

Kwa hiyo, mzee wangu, ukija kuniomba kura usinitajie chama cha babu yako. Niambie Desemba ile ungenyoosha mkono upande gani.