Waraka kutoka Bahari Isiyokupwa

Kwa Ammi yangu mtukufu,

Ama baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, nakuarifu ya kwamba mimi ni mzima wa afya, na wala si kweli, kama ilivyosemwa barazani, kwamba Wamarekani wananilipa kwa kuogelea. Hapa nilipo ni kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi, kimojawapo cha visiwa vya Virgin ambavyo Marekani ilivinunua kwa Denmark mwaka 1917 kwa dola milioni 25 za dhahabu, ikasahau, au ikaona haya, kuwaamuru wenyewe wabadili upande wa barabara. Basi motokaa hupita kushoto kama kwetu, na usukani nao uko kushoto, hata dereva huona vizuri sana mitaro, na wanaomjia mbele huwaachia Mola.

Watu wake ni waungwana. Anayeingia dukani bila ya kuamkia huachwa amesimama, na watalii washukao melini kwa maelfu hawafahamu kwa nini mwenye duka amewanyamazia, ilhali mimi, kwa malezi yenu, nahesabiwa kuwa nimesoma sana. Ugali pia wanao, nao huusonga pamoja na bamia ndani yake, jambo ambalo Bi Mkubwa asielezwe.

Lakini lililonitia fadhaa kuliko yote ni kwamba bahari ya huku haipwi. Mimi niliyekulia Jambiani, ambako bamvua likifika maji hukimbilia mwambani na akina mama wakenda kwa miguu kwenye mashamba yao ya mwani na kuchokoa pweza, naona hapa maji yakipanda na kushuka kiasi cha futi moja tu, na atakaye kulitazama tumbawe hana budi kujitwika mtungi wa hewa mgongoni. Nilipowasimulia wenzangu kwamba bibi zetu huiendea bahari wamejifunga kanga, waliandika madaftarini.

Sasa nije kwenye khabari ya aibu. Yuko samaki wa mistari myekundu, mwenye mapezi mapana na miiba ya sumu, ambaye asili yake ni bahari ya Hindi na Pasifiki. Alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, ikadhaniwa ametupwa na wafugao samaki majumbani, naye, kwa kuwa samaki wadogo wa huku hawakupata kumjua wala kumkimbia, amewameza visiwa baada ya visiwa. Hukumu yake ni mkuki popote aonekanapo, kisha sufuria. Liko pia jani la baharini, la bahari yetu na ya Shamu, lililogunduliwa Grenada mwaka 2002, na leo limetandazwa hata katika ghuba ya Brewers, chini ya Chuo Kikuu cha Virgin Islands ninakosomea. Kila yanapotajwa mavamizi ya kutoka bahari ya Hindi darasa zima hunigeukia, nami hupapasa mfukoni kuhakikisha kwamba viza ipo.

Mama alitamani mtoto tabibu. Mwambie dua yake imekubaliwa, ila wagonjwa wangu ni matumbawe. Mwaka 2019 uliingia hapa ugonjwa unaolibandua tumbawe nyama yake, likabaki jiwe jeupe, na dawa yetu ni malhamu iliyochanganywa na amoksilini, ile ile aliyopewa mtoto wa Shangazi alipoumwa na sikio, ambayo sisi huzamia nayo tukaipaka pembezoni mwa kidonda kwa vidole. Wapo wanaopona, na wapo wanaougua tena ubavu wa pili, na katika hao wote sijaona aliyelipa.

Ama kuhusu lile ombi lako la mashine ya boti, nimelisoma kwa makini na kwa taadhima, nami nitalijibu katika waraka utakaofuata, ambao, kwa kuwa posta za visiwa hazina pupa, nakusihi usiungoje kabla ya kaskazi.

Wasalaam,
Mwana wa nduguyo