Jinsi ya Kusafiri kwa Heshima na Matundu ya AC Yaliyokwama

Una Toyota Noah. Ilitoka Japani ikiwa na umri wake, ikaja kukaa Mwanza, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, ambako jua huichapa dashibodi tangu asubuhi. Sasa tundu moja la AC limekwama linapuliza mlango, jingine limeinama haliinuki, na Jumamosi unawapeleka wakwe Musoma. Tulia, ndugu yangu. Kubomoa dashibodi nzima kwa ajili ya kipande cha plastiki chenye upana wa kidole ni kazi ya mtu asiye na safari. Wewe unayo. Fuata njia hizi za mkato.

1. Jua kilichokufa ni kipi

Washa feni hadi mwisho, kisha pitisha kiganja mbele ya kila tundu. Upepo ukitoka kwa nguvu ila hauendi unakotaka, ubovu uko nje, kwenye vile vibao vidogo vya kuuelekeza. Hiyo kazi unaimudu mwenyewe chini ya mwembe. Usipotoka usoni kabisa lakini ukatoka miguuni au kiooni, basi kilichokwama ni mlango wa ndani unaogawa upepo, ule unaovutwa na kebo au kuzungushwa na mota ndogo. Huo mwachie fundi, tena baada ya safari, ilimradi kiooni kunapuliza.

Na kama upepo ni hafifu kila mahali, fungua boksi la dashibodi upande wa abiria. Toyota nyingi zina chujio la hewa nyuma yake. Livute. Ukilikuta limejaa vumbi, majani makavu na wadudu, umempata mchawi. Weka jipya, kisha watangazie watu kwamba umefanya "sevisi kubwa ya AC". Hakuna atakayeomba risiti.

2. Safisha mahali panapoonekana

Vibao hukwamishwa na vitu vitatu: vumbi, polishi na simu. Polishi yenye mafuta huing'arisha dashibodi siku ya harusi, halafu hushika vumbi la kila barabara ya mtaani kuanzia Igoma hadi Buswelu. Kile kishikio cha simu kinachobana kwenye vibao nacho huvilemea mpaka pini zinakatika.

Chukua brashi laini ya rangi na kijiti cha mshikaki. Kijiti kiviringishie kitambaa chenye maji ya sabuni, upitishe kati ya kibao na kibao. Sukuma huku na huku, taratibu. Fanya hivyo gari likiwa limepata joto kidogo, maana plastiki kuukuu ikiwa na baridi huvunjika haraka. Oili usiiguse. Leo inateleza, kesho imegeuka tope.

3. Chagua uelekeo mmoja, ukae nao

Nyuma ya vibao kuna ufito mwembamba unaoviunganisha ili vigeuke pamoja. Ukichomoka, kimoja kinageuka na vingine vinakutazama tu. Pinda ncha ya spoku ya baiskeli, uvute ufito huo, uurudishe kwenye pini zake.

Pini zimekatika? Usilie. Watu wengi huelekeza tundu mara moja, siku waliponunua gari, wakasahau kwamba linageuka. Basi elekeza vibao kifuani kwa abiria, vibane kwa vipande vya njiti za meno, na njiti zipake wino mweusi zisionekane. Ukitaka kutumia gundi, weka tone moja tu kwa ncha ya njiti. Ikimiminika, umeziba tundu zima, na hilo huwezi tena kuliita chaguo lako.

4. Upepo uonekane

Abiria huiamini AC kwa macho kabla ya ngozi. Funga utepe mwembamba kwenye tundu linalopuliza vizuri kuliko yote, liwe la katikati. Ukipeperuka, gari zima limepoa, hata aliyekaa nyuma kabisa atavuta kanga mabegani. Tundu lililokufa libandike kishikio cha simu, kwa kuwa halina tena cha kuvunjika, au liwekee kichupa cha manukato. Mgeni atakisifu kichupa.

5. Panga viti kwa ramani

Hapa ndipo mjanja anapojitenga na fundi. Ukitoka Mwanza asubuhi, hadi Magu barabara inaelekea mashariki na jua linawapiga wote usoni. Ukishapita Lamadi, unakata kaskazini na jua linahamia kulia, kwa dereva. Mkirudi alasiri kutoka Musoma, linakuwa magharibi, tena kulia kwako. Kwa hiyo katika kipande hicho kiti cha mbele kushoto kina kivuli kwenda na kurudi, na wakati wa kwenda kinatazama upande wa ziwa. Tundu bovu likiwa hapo, halimdhuru mtu. Mfungulie mlango: "Shikamoo mama, karibu mbele, upande wa ziwani." Umempa tundu lililokufa, naye amepokea heshima. Wala hujasema uongo.

Mchana ziwa huleta upepo wake kuelekea nchi kavu. Ukiusikia, shusha kioo kidogo na uusifu kwa sauti. Tena usisimame ovyo, maana AC dhaifu huumbuka gari likiwa limesimama. Zamani foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ilikuwa inaanika kila siri ya gari lako. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, wakwe wa Sengerema na Geita unawavusha kama kilomita 3 za maji bila kupunguza mwendo wala sifa.

6. Jihadhari na giza la mwezi

Siku za mwezi mwandamo wadudu wadogo wa ziwani huibuka majini kwa wingi, wakapaa kama moshi na kufuata taa. Gari huvuta hewa chini ya kioo cha mbele, na ndiko wanakoingilia. Ukiwaona, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani mpaka uwapite. Ukiwa umepakia dagaa wa soko la Mwaloni, fanya kinyume chake: ruhusu hewa ya nje, ama sivyo utakuwa unawapulizia wageni dagaa hao hao hadi Bunda.

7. Tundu moja usilidanganye

Haya yote nimekuruhusu kwa moyo mweupe. Ila kuna tundu moja lisilotaka njiti, utepe wala manukato: lile linalopuliza kioo cha mbele. Mvua ya Mwanza ikishuka ghafla na watu saba wanapumua ndani, kioo hujaa ukungu mara moja, na anayeendesha ni wewe. Tazama wenzako walivyoliheshimu tundu hilo: magari-nyumba mengi ya zamani ya Kimarekani, yaliyojengwa juu ya Ford za E-Series, hugawa upepo kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Mpira wa mvuto huo ukivuja, uso wa dereva unakosa upepo, na upepo unakwenda kiooni. Walioyatengeneza walijua kitu kitaharibika siku moja, wakaamua kabisa kipi kife mwisho. Nawe amua hivyo hivyo.

Kabla ya kuwafungulia wakwe mlango, washa AC, elekeza upepo kiooni, ondoa hewa ya kuzunguka, weka kiganja. Unapuliza? Pakia watu, ondoka, na utepe upeperuke. Haupulizi? Wapigie wakwe simu, sema safari imesogezwa mbele, kisha nenda gereji. Sababu ya kuahirisha tunga yoyote uipendayo.