Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi? Watuhumiwa Tisa, Kuanzia Mwepesi hadi Sugu

Gari la miaka ishirini halinywi maji. Liweke hilo kichwani kabla hujafungua boneti. Fundi akikwambia, "Mama, haya magari ya zamani ndivyo yalivyo, ongeza maji uende zako," mjibu kwa heshima zote kwamba wanaokunywa maji ni ng'ombe. Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote. Kikipungua kitu humo kimetoka, na kilipotokea pana alama.

Gari letu la mfano ni Toyota Harrier ya mwaka 2004, ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani, yenye injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4. Kila baada ya siku chache kulanti imeshuka. Chini ya gari pakavu. Mshale wa joto umetulia katikati. Mwenye gari anaongeza maji ya chupa na maisha yanaendelea, mpaka safari ya Mbeya inapofika Kitonga na mlima unapouliza maswali ambayo foleni ya Ubungo haikuwahi kuuliza.

Tunahesabu kushuka, kutoka tisa hadi moja. Wa kwanza kuitwa ni mwepesi kumkamata, wa mwisho ndiye sugu. Sharti kwa wote ni moja: injini iwe imepoa kabisa. Anayefungua mfuniko wa rejeta ya moto hatafuti uvujaji, anatafuta kitanda hospitalini.

9. Maji ya AC

Huyu hana kosa, lakini kila mara anakamatwa yeye kwanza. Kwenye joto la Januari gari likisimama kidogo na AC inafanya kazi, linaacha kidimbwi chini upande wa abiria, na simu inapigwa gereji kwa sauti ya msiba. Chovya kidole. Maji ya AC hayana rangi, hayana harufu, hayatelezi. Kulanti ina rangi, nyekundu, ya waridi au ya kijani, inateleza kati ya vidole na inanukia utamu. Ishia kwenye kidole, usionje. Ethilini glaikoli iliyomo ni sumu, na utamu huo ndio unaowaponza mbwa na watoto, kwa hiyo kulanti iliyomwagika uani ifute na paoshe kwa maji mengi siku hiyo hiyo.

Mtuhumiwa namba tisa yuko huru. Aende nyumbani kwake.

8. Tenki la akiba

Plastiki iliyokaa jirani na injini kwa miaka ishirini ina kila sababu ya kupasuka. Tazama mshono wa chini, kisha mpira mwembamba unaotoka shingoni mwa rejeta. Mpira huo ukiwa na ufa, rejeta ikipoa inavuta hewa badala ya kulanti, na unabaki na kioja: tenki limejaa, rejeta tupu. Anayechungulia tenki peke yake na kusema "maji yapo" hajapima kitu.

7. Mfuniko wa rejeta

Mdogo wa umbo, mkubwa wa madaraka. Kwenye Toyota nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, na tarakimu hiyo ndiyo presha anayoilinda, kwa kipimo cha ba. Maji ya wazi pale Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Yabanwe kwa presha ya 0.9 juu ya ile ya hewa, hayachemki mpaka nyuzi 119 hivi. Sasa panda Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Springi ya mfuniko ikichoka, huko ndiko utakakojua.

Mfuniko mchovu huachia kulanti kwenye tenki la akiba, tenki hujaa, na ziada humwagika barabarani gari likiwa mwendoni. Ukifika nyumbani, pakavu. Anatenda kosa safarini, nyumbani anajifanya mstaarabu!

"Mama, mfuniko wowote unaingia hapa."

"Kuingia unaingia, mwanangu. Umeandikwa ngapi?"

Hilo swali "umeandikwa ngapi" linastahili kuulizwa kwenye kila duka la spea pale Gerezani. Ukifunga wa 1.1 mahali pa 0.9, unaisukumia rejeta kongwe presha ambayo haikuombwa kuibeba.

6. Mipira na klipu

Minya mpira wa juu na wa chini wa rejeta, injini ikiwa baridi. Uliovimba, uliolainika kama embe lililoiva kupita kiasi au uliokakamaa na kufanya nyufa ncha zake, umestaafu, muage. Klipu nazo zina mchezo wao: kuna zinazovuja asubuhi tu, vitu vyote vikiwa vimenywea kwa baridi, halafu injini ikipata moto vinatanuka na kujiziba. Gereji mchana kutwa hawaoni kitu. Kwa hiyo kagua alfajiri, kabla ya kuwasha.

Hapa ndipo kinapoingia kifaa ambacho gereji yoyote inayojiheshimu inapaswa kuwa nacho: pampu ya kupimia presha. Inafungwa mahali pa mfuniko, unapampu kwa mkono mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye mfuniko, basi hapo, usizidishe. Kisha unaacha na kutazama mshale wake. Mshale ukishuka, kuna mahali panatoka. Uzuri wake ni kwamba injini imelala na imepoa, hakuna feni inayopeperusha matone, hakuna eksozi ya moto inayoyakausha kabla hujayaona. Fundi mwenye pampu hii na tochi nzuri ana thamani kuliko fundi mwenye kipaji cha kubashiri, na naomba mafundi wa kubashiri wanisikie.

5. Rejeta yenyewe

Rejeta nyingi za magari haya zina kiini cha alumini na vichwa vya plastiki vilivyobanwa juu na chini. Plastiki nyeusi ikigeuka kahawia, joto limeshaila. Ufa mwembamba hutokea shingoni au pale plastiki inapokutana na alumini, na unaonekana kwa mstari wa chokaa au wa waridi uliokaukia.

Maji ya bomba, na zaidi ya kisima, yamechangia sana. Yana chumvi na madini yanayoganda ndani ya vijitundu na kula alumini, wakati kulanti halisi ina dawa ya kuzuia kutu. Ukikwama porini, ongeza maji ufike. Ukifika, yamwage na uweke kulanti iliyochanganywa vizuri.

Na ile chupa ya dawa ya kuziba? Haijui tofauti kati ya tundu linalovuja na tundu linalopitisha. Inaziba vyote. Iache dukani.

Kwa gari la giaboksi otomatiki, fungua mfuniko utazame rangi. Haidroliki ya gia hupozwa ndani ya rejeta, na ukuta unaoitenganisha na kulanti ukitoboka, utakuta uji wa waridi. Hapo usiwashe tena gari. Linavutwa.

4. Hita

Dar nani anawasha hita? Hakuna. Ndiyo maana huyu anaiba miaka bila kushukiwa. Lakini kulanti inapita humo kila siku, joto liwepo lisiwepo. Dalili zake ziko ndani ya gari: kapeti la abiria lenye unyevunyevu, kioo cha mbele chenye ukungu wa mafuta usiofutika kwa kitambaa kikavu, na ile harufu tamu unapofungulia hewa. Mafundi wa pwani huunganisha mipira miwili na kuiruka hita moja kwa moja. Kwa mtu wa Temeke hilo si dhambi. Kwa mtu wa Makete au Njombe, mwezi Julai saa kumi na mbili asubuhi, ni ugomvi.

3. Wota pampu

Tunaingia kwa vigogo. Chini ya ekseli ya wota pampu kuna kitundu kidogo ambacho wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. Kimewekwa makusudi. Sili ya ndani ikianza kushindwa, kulanti inatokea hapo isiingie kwenye beringi, na wewe unapewa taarifa mapema. Pampu inakuandikia barua; isome.

Kwenye 2AZ-FE, lala chini upande wa mkanda na umulike tochi. Utafute ukoko wa waridi au mweupe ulioganda chini ya kitundu, na vidoadoa vya rangi hiyo hiyo kwenye bloku na ukingo wa mkanda, kwa sababu puli inazunguka na kurusha matone pembeni. Mara nyingi hakuna hata tone linalofika sakafuni. Ukishika puli na kuitikisa ikacheza, kesi imekwisha. Badilisha pampu na gasketi yake, na mkanda ukiwa umelowa kulanti uende pamoja nayo.

2. Gasketi ya silinda hedi

Huyu ndiye mwenye jina baya kuliko wote mjini. Gari likipungukiwa maji tu, "Gasketi imeungua!" Hedi inashushwa, pesa inatoka, mwezi unaofuata maji yanapungua tena. Mimi nasema asishushwe mtu hedi bila ushahidi.

Na ushahidi upo. Washa injini baridi, shika mpira wa juu: ukikakamaa kwa presha ndani ya dakika moja, kabla joto halijafika popote, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Kuna kipimo cha kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta; kikikutana na hewa ya moshi kinageuka njano. Njia nyingine haina haraka lakini haisemi uongo: pampu presha jioni, iache usiku kucha, asubuhi ng'oa plagi zote uchungulie kwa tochi. Silinda inayoingiza maji utaikuta na unyevu, na kichwa cha pistoni yake kimeoshwa kikang'aa wakati wenzake ni weusi. Oili kugeuka rangi ya maziwa ni ushahidi pia, ila isipogeuka usimwachie huru, maana gasketi inaweza kutoboka mahali pasipoigusa oili kabisa.

Kuhusu thamostati, haivujishi ndani yake, kwa hiyo sikuipa namba. Lakini yule fundi anayeing'oa na kuitupa "kwa sababu Dar kuna joto" aache. Kwenye Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na bila hiyo injini inatembea baridi na kula mafuta.

1. Nyuzi za boliti nyuma ya bloku

Mama wa Harrier, huyu ndiye wako.

Bloku ya 2AZ-FE ni ya alumini. Hedi inashikwa na boliti kumi, na kwenye injini nyingi zilizotoka kabla ya Toyota kurefusha nyuzi hizo, karibu mwaka 2006, nyuzi za boliti za nyuma hulegea ndani ya alumini na kung'oka. Hedi inapoteza mshiko upande wa nyuma, na kulanti inajipenyeza kati yake na bloku. Nyuma hiyo inatazama ukuta wa dereva, na ndiko iliko eksozi. Tone likitoka linaangukia chuma cha moto na kuwa mvuke. Ndiyo maana chini ni pakavu, ndiyo maana unasikia harufu tamu ukisimama kwenye foleni na hujui inatoka wapi. Alphard na Ipsum za injini hiyo hiyo zina kesi hiyo hiyo.

Kumkamata, chukua kioo kidogo chenye mkono mrefu na tochi, presha ikiwa imepampiwa na injini imepoa. Peleka kioo nyuma ya hedi, fuata mstari wa gasketi kutoka ncha hadi ncha. Michirizi ya waridi inayoshuka kwenye bloku ndiyo sahihi yake.

"Basi tubadilishe gasketi, mama."

"Boliti itashika nini, mwanangu?"

Fundi akikaza boliti za nyuma na zikazunguka tu bila kufikia mkazo unaotakiwa, gasketi mpya haitasaidia hata ikiwa ya kiwandani. Matundu yanachongwa upya na kufungwa bushi za nyuzi za chuma, yote kumi, si yale yaliyoharibika peke yake. Hedi inapimwa kama imepinda. Boliti zinakuwa mpya. Ni kazi ya mtu mwenye kifaa cha kushikilia keekee wima, maana tundu likienda upande, bloku imekwenda nalo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kununua Harrier ya miaka hiyo, kabla hujatoa pesa omba gari likiwa limepoa, pampu presha, pitisha kioo nyuma ya injini. Muuzaji akikataa, mshukuru na uondoke.